Nguvu ya boti ya faiba iko mahali jicho halifiki

Boti mbili za faiba zaweza kutoka katika kalibu moja, kwa resini ya pipa moja, zikashushwa majini siku moja. Misimu kadhaa ya kaskazi na kusi ikishapita, moja bado ni ngumu, na ukiigonga kwa kidole inaitika kwa sauti kavu. Nyingine imetoka malengelenge upande wa chini, tabaka zake zimeanza kuachana, na ukiigonga inatoa mlio butu. Mwenye boti humlaumu fundi, fundi akailaumu resini, muuza resini naye akasingizia jua na chumvi. Huenda kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Lakini lipo swali ambalo ni nadra kuulizwa: uzi wa kioo uliomo ndani ya boti ile ulipakwa nini kiwandani, na je, mpako huo unapatana na resini iliyotumika?

Swali hili si la watu wa maabara peke yao. Pwani yetu na maziwa yetu makuu yameingia katika enzi ya faiba. Mbao nzuri za kuundia mashua zimeadimika, na wavuvi wa Tanzania wamekuwa wakikopeshwa boti za faiba na serikali yao. Boti za namna hiyo ndizo zinazowapeleka watalii kwenye visiwa na miamba ya matumbawe, kuanzia Unguja hadi Mombasa. Mabati ya kupitisha mwanga, baadhi ya matangi, vipande vya mabodi ya magari na mapanga ya mitambo ya upepo iliyo karibu na Ziwa Turkana, vyote ni ndugu wa boti hizo. Mali nyingi ya watu imewekwa ndani ya kitu ambacho wengi wetu tunakijua kwa rangi yake ya nje tu.

Kioo chenye nguvu kuliko chuma

Kinachoitwa faiba mtaani ni plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo. Plastiki hiyo, ambayo mara nyingi ni resini ya poliesta au epoksi, hutoa umbo, huzuia maji na kushikilia nyuzi mahali pake. Nyuzi ndizo zinazobeba mzigo. Uzi mpya wa kioo wa aina ya E, ambayo ndiyo inayotumika zaidi, unaweza kuhimili mvuto wa karibu megapaskali 3,400 kabla ya kukatika, hali chuma cha kawaida cha ujenzi hukatika kwenye megapaskali 400 hadi 600. Na uzito wa kioo hicho ni kama theluthi moja tu ya uzito wa chuma cha ukubwa uleule.

Mtu anayejua jinsi dirisha linavyovunjika kwa jiwe dogo atashangaa. Maelezo yalitolewa na mhandisi Mwingereza A. A. Griffith katika andiko lililochapishwa mwaka 1921. Griffith alionyesha kwamba kioo huvunjika kwa urahisi kwa sababu uso wake umejaa nyufa ndogo mno, na kwamba kadiri uzi unavyokuwa mwembamba ndivyo nafasi ya kuwa na ufa mkubwa inavyopungua. Kwa hiyo nguvu ya uzi wa kioo inategemea usalama wa uso wake. Nyuzi mbili zikisuguana zikiwa kavu na tupu, huchubuana, na kila mchubuko ni mwanzo wa ufa.

Ndiyo maana mpako hutiwa mapema sana. Katika kiwanda cha nyuzi, kioo kilichoyeyuka, chenye joto la zaidi ya nyuzijoto 1,200 za Selsiasi, hupita kwenye bamba la platini na rodi lenye mamia au maelfu ya matundu. Kila tundu hutoa uzi mmoja. Mashine iliyo chini huzivuta nyuzi hizo kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde hadi zinakuwa na unene wa mikroni 10 hadi 20, nyembamba kuliko unywele wa binadamu. Hunyunyiziwa ukungu wa maji zipoe, kisha hupita juu ya rola iliyolowa mpako, ndipo zikakusanywa kuwa fungu moja na kuzungushwa kwenye kigogo. Tangu uzi unapotoka katika tundu la moto mpaka unapoguswa na mpako, haijapita hata sekunde moja.

Sehemu kubwa ya mpako huo ni maji ambayo hukaushwa baadaye. Vinavyobaki ni vitu vichache: kitu cha kutengeneza utando unaozishika nyuzi pamoja, kilainishi cha kupunguza msuguano, na kiasi kidogo cha kemikali ziitwazo silani. Vyote kwa pamoja kwa kawaida havizidi asilimia 2 ya uzito wa kioo, na silani ni sehemu ndogo tu ya hizo. Kila kampuni hutunza mchanganyiko wake kama siri ya biashara, kwa sababu hapo ndipo nyuzi zilizotoka katika kioo cha aina moja zinapotofautiana.

Tatizo lilikuwa maji

Ilichukua muda watu kutambua umuhimu wa mpako huo. Mwaka 1932, nchini Marekani, kijana mtafiti wa kampuni ya Owens-Illinois aitwaye Dale Kleist alikuwa akijaribu kuunganisha matofali ya kioo. Upepo wa mashine yake ulipogonga kioo kilichoyeyuka, ukakitawanya kuwa nyuzi nyembamba. Kampuni ilikuwa ikitafuta njia ya kutengeneza nyuzi kama hizo, na ikalishika tukio hilo likawa teknolojia. Mwaka 1938 ikaundwa Owens-Corning, kampuni iliyolipa soko jina la Fiberglas. Resini za poliesta nazo zilikuwa zimeanza kupatikana miaka hiyohiyo, na Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, vitambaa vya kioo vilivyoloweshwa poliesta vilitumika kutengeneza makuba ya kufunika rada za ndege, kwa kuwa mawimbi ya rada hupenya humo bila shida.

Vitu hivyo vilikuwa vyepesi na vyenye nguvu vilipokuwa vikavu. Vilipokaa kwenye unyevu, nguvu yake ilishuka vibaya. Sababu ni tabia ya kioo chenyewe. Uso wa kioo hupenda maji na huyavuta kutoka hewani. Resini ina tabia tofauti, na ikikutana na kioo kisichoandaliwa hukaa juu yake bila kushikana nacho kwa dhati. Tena hakuna plastiki inayozuia unyevu kabisa. Kidogo kidogo molekuli za maji hupenya mpaka zinaufikia uzi. Hapo hujiingiza kati ya kioo na resini na kuvitenganisha. Kwa nje kitu kinaonekana kizima, kumbe ndani nyuzi zimelegea.

Suluhisho lilitafutwa kwa miaka. Kampuni ya DuPont ilileta dawa yenye kromiamu iliyojulikana kwa jina la Volan, ikatumika sana kwenye vitambaa vya kioo. Lakini hatua iliyofungua njia ilikuwa ya silani. Mwaka 1947, Ralph Witt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliandika ripoti ya siri kwa Jeshi la Wanamaji la Marekani. Walikuwa wamelinganisha silani mbili. Moja ilikuwa na kundi la kemikali liitwalo alili, ambalo linaweza kuungana na poliesta inapoganda. Nyingine ilikuwa na kundi la ethili, ambalo haliungani na poliesta. Nyuzi zilizopakwa ile ya kwanza zilitoa bidhaa yenye nguvu maradufu.

Matokeo hayo yana somo ambalo fundi wa leo anapaswa kulishika: kupaka tu hakutoshi. Silani zote mbili zilishika kioo, ila moja tu ndiyo iliyoshika na resini. Mwaka 1952 Johan Bjorksten na Yaeger walichapisha kazi yao kuhusu silani ya vinili kwa vitambaa vya kioo, na baada yao Edwin Plueddemann wa kampuni ya Dow Corning akatumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kutengeneza na kuchunguza silani za kila namna. Mwaka 1953 Chevrolet ilitoa magari 300 ya kwanza ya Corvette yenye bodi ya faiba. Miaka 20 baadaye, mwaka 1973, Uingereza iliingiza kazini HMS Wilton, meli ya kivita ya kuwinda mabomu ya baharini, ambayo mwili wake wote ulikuwa wa nyuzi za kioo na poliesta. Meli nzima isingeaminiwa kwa bahari kama tatizo la maji lingebaki vilevile.

Jinsi molekuli inavyoshika pande mbili

Anayejenga nyumba anajua kwamba nondo huwa na mikunjo. Mikunjo hiyo ndiyo inayoifanya ing'ang'anie zege. Nondo laini huteleza. Uzi wa kioo hauwezi kuwekewa mikunjo, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa na kemia.

Molekuli ya silani ina pande mbili zenye tabia tofauti. Upande mmoja una makundi matatu ambayo yakikutana na maji hugeuka na kuwa tayari kuungana na silikoni na oksijeni zilizo kwenye uso wa kioo. Upande wa pili una kundi linalochaguliwa kulingana na resini. Kwa poliesta hutumika kundi la vinili au la methakriliki, ambalo huingia katika mnyororo wa resini inapoganda. Kwa epoksi hutumika kundi la amino au la epoksi. Kwa nailoni, amino hufanya kazi vizuri. Polipropilini, plastiki ya ndoo na viti, haina kitu cha kushikana nacho, hivyo huongezewa kiasi kidogo cha polipropilini iliyobadilishwa kwa anhidridi ya maleiki ili silani ipate pa kushika.

Je, maji yanashindwa kabisa? Hapana. Plueddemann alieleza kwamba maji huendelea kuvunja viungo kati ya silani na kioo, ila viungo hivyo huweza kujiunga tena maadamu molekuli imeshikiliwa mahali pake na resini iliyoganda vizuri. Kwa maelezo hayo, silani haifukuzi maji. Inaufanya muungano uweze kujirudi baada ya kuvunjika.

Nini hubadilika, nini hakibadiliki

Hapa ndipo panapowapoteza wengi. Mtu akichukua kipande kikavu cha faiba na kukivuta kwa kufuata urefu wa nyuzi, tofauti kati ya mpako mzuri na mbaya yaweza kuwa ndogo, kwa kuwa nyuzi ndefu zinabeba mzigo zenyewe. Ukakamavu nao haubadiliki sana. Kwa hiyo kipimo hicho kikavu kinaweza kumdanganya mnunuzi.

Tofauti hujitokeza pale mzigo unapolazimika kuvuka kutoka uzi hadi uzi kupitia resini: kipande kinapovutwa kwa kukingamana na nyuzi, kinapokunjwa kikiwa kinene na kifupi hadi tabaka zitake kuteleza, kinapopigwa na mawimbi maelfu ya mara, na zaidi ya yote kinapolowa. Mwili wa boti unapatwa na hayo yote kila siku ya kazi. Ndiyo maana maabara nyingi huchemsha vipande vya majaribio kwenye maji kabla ya kuvivunja. Kipande chenye mpako unaofaa hubaki na sehemu kubwa ya nguvu yake. Kisicho na mpako hupoteza kiasi ambacho hakuna mhandisi atakayekikubali.

Kipande kilichovunjika nacho kina ushahidi wake. Ukikiweka chini ya darubini yenye nguvu, nyuzi zilizochomoka zikiwa safi na laini, na nyuma zikaacha vishimo vitupu kwenye resini, ujue muungano ulikuwa dhaifu. Zikiwa zimetoka na mabaki ya resini yaliyong'ang'ania pande zote, muungano ulikuwa imara na kilichovunjika ni resini yenyewe. Kwenye ajali ya boti au kuvunjika kwa panga la mtambo wa upepo, ushahidi huo hueleza mengi.

Kwa nyuzi fupi jambo hili ni zito zaidi. Vipande vingi vilivyo chini ya boneti ya gari ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo zenye urefu usiofika hata milimita moja. Uzi mfupi kiasi hicho una nafasi ndogo ya kupokea mzigo. Muungano ukiwa imara, uzi huo mfupi hubeba mzigo wake sawasawa; ukiwa dhaifu, huchomoka na kuwa kama mchanga uliotiwa kwenye plastiki.

Hata hivyo, muungano mkali kupita kiasi si sifa kila mahali. Kitu kinapopigwa ghafla, nyuzi zinazoachia kidogo na kuteleza hutumia sehemu ya nguvu ya pigo hilo. Muungano ukikaza mno, ufa hupita moja kwa moja na kitu hupasuka kama sahani. Watengenezaji wa paneli za kuzuia risasi kwa makusudi huchagua mpako unaoruhusu tabaka kuachana kwa kiasi ili zile nguvu za risasi zimezwe humo. Mpako bora, basi, ni ule unaolingana na kazi.

Kwenye karakana

Nyuzi nyingi hufika kwa fundi zikiwa mati, yaani nyuzi zilizokatwa vipande na kutandazwa ovyo, au kitambaa kizito kilichofumwa. Mati hushikiliwa na gundi yake, na gundi hiyo nayo ina tabia zake. Ipo ya unga wa poliesta na ipo ya majimaji ya poliviniliasetati. Zote hutegemea stairini iliyomo kwenye resini ya poliesta ili zilegee na kuruhusu nyuzi zilowe. Epoksi haina stairini. Ndiyo maana mati ya kawaida ikitiwa epoksi hubaki ngumu, yenye mabaka meupe, na nyuzi zake hazilowi vyema. Anayebadilisha resini bila kubadilisha mati anajitafutia hasara.

Gundi ya poliviniliasetati hupenda maji kuliko ile ya unga. Ikiwekwa moja kwa moja nyuma ya jelikoti, yaani ganda la nje lenye rangi, la boti inayokaa majini, mabaki yake huyeyuka kwenye unyevu unaopenya, hutengeneza kimiminika chenye asidi, nacho huvuta maji zaidi kutoka nje mpaka jelikoti inainuka. Hayo ndiyo malengelenge. Kwa sababu hiyo waundaji makini huweka mati ya gundi ya unga kwenye tabaka la kwanza, wakatumia resini inayostahimili maji, kama ile ya aisofthaliki au ya vinilesta, na kuipa muda wa kuganda sawasawa.

Kuna jambo la tatu ambalo halina gharama yoyote. Roli la mati likiachwa wazi kwenye karakana ya pwani wakati wa masika, hunywa unyevu hewani. Unyevu huo hukaa palepale silani inapotakiwa kufanya kazi, na huzuia resini kushika. Roli linapaswa kubaki ndani ya nailoni yake, juu ya ubao, mbali na sakafu na ukuta, na kuingizwa ndani mapema kabla ya kutumika ili lisitoke jasho. Fundi akipaka resini na kuviringisha rola, mati nzuri huanza kupoteza weupe wake na kuonekana kama imetoweka. Panapobaki peupe ni pakavu, na hapo ndipo maji yatakapoanzia.

Mwisho wa maisha ya faiba

Mpako huo huamua hata kitakachotokea faiba inapochakaa. Mitambo 365 ya upepo iliyo karibu na Loiyangalani, katika Kaunti ya Marsabit, ina uwezo wa megawati 310, na ipo siku mapanga yake yatashushwa. Njia moja ya kuokoa nyuzi ni kuichoma resini. Lakini joto hilo huunguza mpako pia, na nyuzi zinazobaki huwa dhaifu mno kuliko zilivyokuwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow, wamefanya kazi kwa miaka kutafuta namna ya kuurudishia uso wa kioo nguvu yake na kuupaka upya silani. Bila hilo, nyuzi hizo hubaki kuwa za kujazia tu.

Suala la uso wa uzi linaugusa hata mkonge wetu. Nyuzi za mkonge nazo zaweza kuimarisha plastiki, lakini uso wake una nta na hupenda maji kuliko kioo, hivyo huoshwa kwa magadi makali ya sodiamu, na wakati mwingine hupakwa silani. Atakayetaka kuuza mkonge kwa viwanda vya magari atalazimika kuuza na uso wake ulioandaliwa.

Kinachotakiwa kwetu hakihitaji maabara za mabilioni. Mnunuzi wa nyuzi adai karatasi ya maelezo inayosema mpako wake ni wa resini gani, na asipopewa aende duka lingine. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha kuunda boti vimfundishe kijana tofauti ya mati ya unga na ya majimaji kabla ya kumfundisha kung'arisha jelikoti. Na kila halmashauri, ushirika au benki inayotoa fedha za boti iandike sharti moja kwenye mkataba: mwundaji akate vipande kutoka faiba ileile, nusu vivunjwe vikavu, nusu vivunjwe baada ya kuchemshwa, na tofauti yake iandikwe. Boti itakayobeba watu saba kwenye bahari ya kusi isipokelewe kwa uzuri wa rangi yake.